Kifaa cha Baba Sikutumii

Magarama, Gitega
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Crispin,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Kigoma? Wifi yangu Christina hajambo? Mtoto ameacha kukohoa? Na lile sikio lako lililokuwa linauma ukizama, limepona kweli au bado unatudanganya kwenye simu?

Sisi huku tupo. Nikisema tu wazima nitakuwa nimeongeza chumvi, lakini tupo. Shemeji yako Longino magoti yanamsumbua, anatembea akinung'unika. Raissa anajiandaa na mitihani ya taifa na amekonda kwa kusoma. Mimi mgongo wangu umekuwa wa bibi kizee kwa kuinamia cherehani, maana huu ni msimu wa komunyo na kila mama wa Magarama anataka gauni jeupe la bintiye Jumamosi ileile. Esansi, hiyo petroli yenu, ndiyo usiseme. Ukitaka kwenda mahali, unajipanga tangu juzi.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu wewe hunipi nafasi. Nikianza tu kusema, unanikata: "Dada, usijali." Mimi ninajali, nimechoka kujali, na bado ninajali. Barua hii anakuletea Athumani, jirani yetu anayekuja huko kufuata dagaa. Usimsumbue kumwuliza mzigo uko wapi. Hakuna mzigo. Kifaa cha Baba sikutumii.

Usiitupe barua, soma mpaka mwisho.

Najua mlivyopanga wewe na Mama. Bosi wako mpya amesema kila anayezamia samaki wa mapambo aje na kifaa chake mwenyewe cha kupumulia, hiyo regyuleta inayofungwa kwenye mtungi wa hewa na kukuletea pumzi mdomoni. Wewe ukakumbuka cha marehemu Baba, kile alichopewa na tajiri wake wa Ujiji tulipokuwa tunajiandaa kurudi Burundi. Mama akafurahi mno. Nilipokwenda kwake Mwakiro wakati wa Pasaka alinikabidhi kikiwa ndani ya kitenge chake kizuri, akasema nikupelekee upumue alipopumulia baba yako. Alilia, nami nikalia. Nikarudi nacho Gitega nimekipakata kama mtoto mchanga.

Kabla ya kukutumia nikasema hebu nikipeleke kwa Uthmani anikazie skrubu. Uthmani ni fundi hapa Magarama, anatengeneza mitambo ya gesi ya wale wanaochomea milango na madirisha. Nilidhani ni vitu vya ukoo mmoja. Alikifungua, akanusa, akaniita nione. Mipira ya ndani ilikuwa imevimba na kulainika kama unga wa chapati uliozidi maji. Ukiigusa inabaki na alama ya kidole. Akaniuliza nani amekipaka mawese.

Crispin, nilikaa chini palepale kwenye benchi lake la mafuta, na gauni langu la kanisani.

Ni Mama. Tangu turudi, kila anapopaka mafuta mkanda wa Baba na viatu vyake, anakipaka na hicho, ndani na nje, asikose hata tundu. Alikuwa anaogopa mipira isikauke ikapasuka. Mawese mazuri kabisa, hayo anayokamua mwenyewe, wakati mwingine yeye anakula mboga bila mafuta. Na hakuruhusu mtu akiguse, hata wewe ulipokuja likizo, kwa sababu alijua kisichotumika hakichakai. Na sisi tulijua hivyohivyo. Nani angetwambia?

Nilimbembeleza Uthmani akitengeneze tu, aweke mipira mingine. Akakataa katakata. "Mama Raissa, mi natengenezaka za kuchomea chuma," alinijibu. "Chuma haipumuake. Mutu iko napumua." Ila ana utu. Alimpigia ndugu yake wa Bujumbura aliyewahi kufanya kazi kama yako, akaniwekea sauti nisikie. Yule bwana alisema mpira unazeeka kwa miaka, ukitumika usitumike, hata ukilala kabatini unazeeka. Mafuta ndiyo yanaumaliza. Na vipuri vya aina ile havitengenezwi tena popote. Juu ya maji, alisema, kinaweza kukupa pumzi vizuri tu. Chini kikaziba, au kikamwaga hewa yote mpaka mtungi ukabaki mtupu. Nikamwambia inatosha, baba, nimesikia.

Sasa nije kwenye picha mbili za vifaa ulizonitumia, kwa sababu najua utasema: haya, basi nanunua kile cha bei nafuu.

Nimezitazama sana. Kile cha kwanza chepesi, cheusi, kizuri kama simu mpya, anakiuza yule kijana wa mtandaoni anayekuita "braza". Cha pili kizito, cha shaba, hakina sura, bei yake inatisha. Wewe moyo wako uko kwa cha kwanza, nakujua tangu utoto, ulikuwa unachagua embe kwa rangi. Lakini jiulize swali ambalo yule bwana wa Bujumbura alilirudia mpaka nikachoka: kikifika mwaka, nani atakifungua, na mipira ataitoa wapi? Cha kwanza umeniambia mwenyewe kwamba hata Dar es Salaam hawana vipuri vyake, unaagiza Ulaya, na nauli ya kifurushi inashinda bei ya kifaa. Cha pili ni kama vile vya kampuni yenu, na fundi wa Dar anakuja kila kiangazi kuvihudumia akiwa na mipira yake mfukoni. Sasa hapo rahisi ni kipi?

Mimi si mzamiaji, lakini somo hili nimelilipia. Unaikumbuka ile cherehani yangu ya umeme, nyeupe, iliyokuja na punguzo? Iko chini ya meza mpaka leo kwa kukosa kidude kimoja cha kushikia bobini. Kuku wa jirani anatagia humo. Ninayoshonea mpaka sasa ni ile nyeusi ya mama mkwe, kwa sababu duka lolote hapa Magarama lina vifaa vyake. Tena mimi ikinigomea nanyanyuka nakunywa chai. Wewe utanyanyukia wapi?

Na usiniletee hadithi kwamba maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo kifaa hakiliki, utakitengeneza baada ya miaka mitatu minne. Mawese nayo hayana chumvi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini wao walikuwa wanasema habari za nyumba.

Shida ninaijua. Kununua ni mara moja, unajikaza, unakopa huku na kule, unanunua. Kulipa fundi kila mwaka, kwa kitu ambacho unakiona kizima, hapo ndipo mtu anapochoka. Ada ya shule inaingia, mtoto anaumwa, unasema nitapeleka mwakani. Ninakujua, na mimi mwenyewe ningefanya hivyohivyo. Ndiyo maana sikulala vizuri.

Nikaenda Mwakiro kumwambia Mama. Sikutaka aambiwe na mtu mwingine. Mpaka Muyinga nilipanda lori la mahindi, kutoka hapo nikatembea mpaka viatu vikanishinda. Nilimkuta uani anapukuchua maharage. Nilikuwa nimepanga maneno matamu, yakanipotea yote, nikamwambia tu kwamba kifaa kimekufa, na kilichokiua ni mawese.

Aliendelea na maharage yake, lakini mazima alikuwa anayatupa kwenye maganda. Kisha akanusa vidole vyake. Aliuliza kitu kimoja tu: kama tungekutumia wakati wa Pasaka, ungekuwa umeshazama nacho? Nikasema ndiyo. Akaingia ndani. Chakula nilipika mimi, naye hakukigusa. Nimezaa, nimezika, lakini safari ile ya Mwakiro imenichosha kuliko yote.

Asubuhi akamwita Baba mdogo Kastori. Unajua kila mwezi wa nane tunavyomkumbuka marehemu: misa, halafu urwarwa, hiyo pombe yetu ya ndizi, kwa watu wa mlima mzima, na wali, na wale jamaa wa kutoka Itaba ambao hawaondoki mpaka mtungi wa mwisho ulambwe. Ndizi zilikuwa tayari zimetengwa. Mama akasema misa itabaki. Urwarwa basi. Ndizi ziuzwe sokoni Muyinga, na kinachopatikana kitumwe Kigoma kumlipa fundi, mwaka huu na kila mwaka, mpaka siku utakapoacha kuzama.

Baba mdogo alisimama, akakaa, akasimama tena. Alisema ni aibu. Alisema watu watasema marehemu Yakobo amesahauliwa na mkewe mwenyewe, kwamba tumerudi kutoka Tanzania na tabia za ajabu, kwamba hata maskini wa mwisho wa mlima anamwagia marehemu wake kikombe. Na kusema kweli, Crispin, hayo yatasemwa. Tayari yameanza kusemwa, na wanaoyasema ni walewale waliokunywa mwaka jana mpaka wakabebwa.

Mama alimwacha amalize. Halafu akasema, "Kastori, Yakobo hanywi. Crispin anapumua."

Baba mdogo alivua kofia yake.

Basi ndivyo ilivyo. Nunua kile kizito. Longino na mimi tutakuongezea kidogo tukishalipwa magauni ya komunyo, usitegemee mengi. Hela ya fundi itatoka kwa Mama kila kiangazi, nayo usiiguse hata paa likiezuliwa. Mwezi wa nane tukitoka misani, Mama atarudi nyumbani kwenye ua mtupu, bila mgeni, bila mtungi, na majirani watapita wakitazama. Siku hiyo ndiyo unipigie simu, nami nitakuwa nimekaa naye, umwambie kwa kinywa chako mwenyewe kwamba fundi amekifungua na kukifunga. Usimwambie asijali. Mwambie tu fundi amebadilisha nini na nini, ataelewa. Tangu siku ile anauliza maswali kama mtu wa ufundi.

Kifaa cha Baba amekichukua. Sijui amekiweka wapi na sikumwuliza.

Msalimie sana wifi yangu Christina, mwambie kitenge alichonitumia nimekivaa Pasaka na kimesifiwa. Mbusu mtoto. Baba mdogo Kastori anakusalimu, bado kanuna kidogo lakini anakusalimu. Longino na Raissa wanakusalimu. Uthmani naye kasema nikuambie pole, ingawa hakujui. Mpe Athumani majibu kabla hajarudi, na uandike kwa mkono, sitaki zile picha za vidole gumba.

Mungu akushushe salama na akupandishe salama, kila siku unayoingia kwenye maji hayo. Nimechoka, mdogo wangu, macho yanajifumba na gauni la watu liko mezani bila mikono. Lakini leo nitalala.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata nikikugombeza,

Kasilda