Kanali Warrender Milele

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Mtaa wa Gatini, Skelderwick
Alhamisi, tarehe 19 Novemba 1868
Kuhusu: Kifo cha Enoch Stobbs, fundi wa glasi

Jina la shahidi: Tamar Jobling, mjane, jina la ukoo wa baba yake Stobbs
Umri: Miaka 46
Kazi: Mwosha vyombo, baa ya Farasi wa Kijivu
Makazi: Uchochoro wa Chumvi, nyuma ya kiwanda cha glasi
Dini: Mmethodisti

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza mbele ya Sajenti Dodds kwa hiari yangu, bila kushurutishwa na mtu. Sajenti ameniomba nifupishe. Siwezi kufupisha. Aliyekufa ni mdogo wangu.

Enoch alikuwa fundi wa kutia nakshi kwenye glasi. Hukaa mbele ya kijigurudumu cha shaba kinachoendeshwa kwa mguu, akakipaka mafuta na unga wa jiwe, kisha akakigusisha glasi mpaka maua na majina yatokee. Kazi hiyo ameifanya tangu utotoni, na kwa miaka yote hiyo tone la pombe halikupita kooni mwake. Alikula kiapo kanisani akiwa kijana, wiki tuliyomzika baba, ambaye gongo ndiyo iliyommaliza. Wenzake kiwandani walimtania: "Enoch huwatandikia wenzake vitanda, yeye analala chini." Naye hujibu, "Na mgongo hauniumi."

Tangu mwezi wa nane kiwanda kilikuwa kinatengeneza glasi za uchaguzi za Kanali Warrender. Kanali ndiye mwenye kiwanda, na mwaka huu anagombea ubunge, kwa hiyo alijiagizia mwenyewe. Ni glasi fupi zenye kitako kinene, kwa sababu watu wakimtakia mgombea heri huzigonga mezani wote kwa pamoja, zikavuma kama bunduki. Upande mmoja kuna waridi, upande wa pili maneno KANALI WARRENDER MILELE. Zote alizitia nakshi Enoch. Jumapili moja akila kwangu aliniambia, "Dada, sasa naliona jina la huyu bwana hata kwenye uji." Akalifuta kwa kijiko, tukacheka.

Kwa sheria mpya, mwaka huu wapangaji nao wamepewa kura. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kupiga kura, tangu babu wa babu. Enoch alisema atamchagua Bwana Lishman, mpinzani wa Kanali, kwa kuwa Bwana Lishman anataka kura iwe ya siri, ya karatasi ndani ya sanduku, tajiri asijue mfanyakazi wake kasema nini.

Nilimwambia, "Basi subiri hilo sanduku lije. Kwa sasa unapanda jukwaani, unataja jina mbele ya mji mzima, na wakala wa Kanali amesimama chini anakutazama mdomo. Kesho yake huna kazi."

Akasema, "Dada, mkono wangu wameukodi. Ulimi hawajaukodi."

Alinunua utepe wa njano, rangi ya Lishman, akaushona ndani ya kofia usionekane. Alifanya mazoezi ya kulitaja jina mbele ya paka wangu, amesimama wima, kofia mkononi. Paka aliondoka. Enoch akasema hiyo ni kura moja imepotea.

Mnamo Jumanne tarehe 17 Novemba, siku ya kura, nilikuwa kazini tangu alfajiri. Baa yote ilikuwa imekodiwa na watu wa Kanali, mapambo ya buluu, rangi ya Kanali, mpaka chooni. Majira ya saa mbili na nusu asubuhi Bwana Cripps, wakala wa Kanali, alimtuma mtu akamwite Enoch. Ujumbe niliusikia kwa masikio yangu. Alisema, "Mwambie glasi zake zinapasuka zikigongwa. Aje azione."

Glasi hizo niliziosha mimi, Sajenti. Hapakuwa na hata moja yenye ufa. Lakini mwambie fundi kwamba kazi yake ina kasoro, atakuja mbio hata kama yuko matangani. Bwana Cripps alilijua hilo. Ndiyo maana hakumwita kwa pombe wala kwa pesa, maana kwa hayo mawili Enoch asingekuja.

Alikuja amevaa nguo zake za kanisani, kwa sababu alikuwa njiani kwenda kupiga kura. Alipita kwangu jikoni kwanza, akauliza, "Dada, zipi zimepasuka?"

Nikamwambia, "Hakuna. Geuka uende zako."

Hakuwahi kugeuka. Mwenye baa, Bwana Pattinson, alikuwa ameshafika nyuma yake. Alimshika mkono kwa furaha, "Fundi! Fundi mwenyewe! Karibu chumba kikubwa," akamwingiza, akafunga mlango kwa ufunguo na ufunguo akautia mfukoni mwa kizibao. Chumba hicho kina kidirisha cha kupitishia vyombo kwenda kwangu. Ninayoyasema sasa niliyaona kupitia hapo.

Enoch aliuliza ziko wapi zilizopasuka. Bwana Cripps akamjibu, "Tunataka uzijaribu mwenyewe, fundi. Jaza, taja jina, kunywa, gonga."

"Nipeni maji."

"Maji ni ya farasi na Wamethodisti," mmoja akasema.

"Basi mimi ni huyo wa pili," Enoch akasema, na hata wao walicheka.

Bwana Cripps alipomaliza kucheka akasema, "Hapa pana utaratibu wake. Mtu hatoki mpaka amalize tatu. Ukimaliza, mlango unafunguliwa, nenda kamchague hata shetani."

Enoch alikaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti, kofia juu ya mikono. Wengine walifunguliwa wakaingia, wakanywa, wakagonga, wakafunguliwa wakatoka wamepewa kila mtu glasi yake aende nayo nyumbani. Yeye alikaa tu. Nilimpitishia mkate na njegere za kuponda, hakugusa. Alikuwa anaangalia saa ya ukutani.

Adhuhuri nilimwendea Bwana Pattinson, nikamwambia, "Bwana, mfungulie ndugu yangu, ana shughuli."

Akasema, "Mama Jobling, ndugu yako ni mgeni wetu. Mgeni hushibishwa, hafukuzwi. Hebu rudi kwenye vyombo vyako."

Nilitoka nje nikamweleza askari aliyekuwa amesimama kona ya uwanja. Alinijibu, "Siku ya kura watu wanakunywa, mama. Hilo nalo la kuitia polisi?" Simtaji jina. Sajenti anamjua na sasa hivi yuko chumba cha pili.

Majira ya saa nane mchana Enoch alikuja kwenye kidirisha. Alisema polepole, "Dada, kura inafungwa saa kumi."

Nikamwambia, "Vumilia. Nitavunja dirisha la uani."

"Lina nondo. Nimeshalitazama." Akaitazama tena saa ya ukutani, akasema, "Nikinywa tatu nitatoka. Mungu atanisamehe tatu."

"Enoch, wewe hujawahi kunywa. Hujui zitakufanya nini."

"Najua jina ninalokwenda kutaja. Ni jina moja tu, dada. Nani anasahau jina moja?"

Alirudi mezani akasimama, akashika glasi. Ilikuwa imejaa jini, ile pombe kali. Akasema "Kanali Warrender milele" kwa sauti ya chini, akanywa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Bwana Cripps akasema, "Hatukusikia, fundi. Hiyo haihesabiwi. Rudia." Akarudia. Ikawa ama sauti ni ndogo, ama hakugonga sawasawa, ama amegonga kabla ya wenzake. Zilipita zile tatu na nyingine nyingi. Mwishoni sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ya wote, na meza nzima ilimfuata, Kanali Warrender milele, ba! Kanali Warrender milele, ba! Nilikuwa nimeshika sahani ile ile tangu mwanzo. Kama moyo unaweza kuoza mtu akiwa hai, wangu ulioza pale.

Hakuna glasi iliyopasuka.

Ndipo Bwana Pattinson akafungua mlango. Ahadi waliitimiza. Walimbeba Enoch mabegani mpaka uwanja wa ukumbi wa mji, nami nikawafuata na aproni yangu iliyolowa. Kwenye saa ya mnara ilikuwa haijatimia saa kumi. Alipanda ngazi za jukwaa mwenyewe, ameshika ukingo. Karani wa kura alimwuliza jina na makazi, akajibu vizuri: "Enoch Stobbs, Uchochoro wa Chumvi." Alivua kofia, na kutoka pale nilipokuwa niliuona utepe wa njano ndani yake. Nikasema moyoni, ameweza. Mdogo wangu ameweza.

Karani akauliza, "Unamchagua nani?"

Enoch alijinyoosha kama alivyojinyoosha mbele ya paka. Akasema kwa sauti kubwa, "Kanali Warrender milele," na akaugonga ukingo kwa ngumi.

Hakujua alichosema. Alikijua kwa shangwe, kofia za buluu ziliporushwa juu. Alitazama huku na huku. Kisha akamshika karani mkono, akasema, "Hapana. Hapana, bwana. Lishman. Andika Lishman."

Karani akasema, "Imeshaandikwa. Anayefuata."

Bwana Cripps akapaza sauti kutoka chini, "Asante, fundi! Kiwanda hakitakusahau!"

Watu wa Lishman walimzomea. Wengi wao tunakaa nao benchi moja kanisani. Walimwita Yuda, walimwita mbwa wa Kanali, na mmoja aliunyofoa utepe kwenye kofia yake mwenyewe akamtupia usoni. Enoch akaanza kushuka ngazi. Nilisukuma watu nikimwita, lakini mimi ni mfupi na uwanja ulikuwa umefurika. Nilipofika penye ngazi hakuwepo. Nilimtafuta kwake, kanisani na kiwandani, kila mahali pamefungwa.

Jumatano tarehe 18 asubuhi, wapakia makaa walimtoa mtoni, chini ya ngazi za kiwanda cha glasi. Mimi ndiye niliyemtambua.

Sajenti ameniuliza kama alianguka au alijitosa. Sikuwepo. Enoch amekulia kando ya mto ule na alijua kila jiwe la ngazi zile, lakini alizijua akiwa na akili zake, na akili zake waliziondoa wao. Zaidi ya hapo siapi.

Katika mfuko wa koti lake ilikutwa glasi yake, ile waliyompa aende nayo nyumbani. Ndiyo hiyo iliyo mezani kwa Sajenti. Imegonga meza mara nyingi, imeanguka naye mtoni, imelala kwenye mawe usiku mzima. Sajenti ameigeuza mbele ya taa mwenyewe. Haina ufa.

Nina jambo moja la mwisho, na ndilo lililonileta hapa, kwa maana najua kwamba Kanali hatashtakiwa. Mwenye mtambo wa kuchapa atatoa kitabu cha kura kama ilivyo desturi, kila mwenye kura na aliyemchagua, na kitauzwa madukani. Leo asubuhi nilimwendea karani nikamwomba jina la Enoch aliondoe pale lilipo. Alinijibu kistaarabu kwamba kilichotamkwa kimetamkwa. Kwa hiyo sisi sote tutakufa na kitabu kile kitabaki kinasema hivyo.

Mimi sijui kusoma. Lakini tangu nimekaa hapa namwona Sajenti anaandika kila ninalosema, na ameniambia kwamba karatasi hizi hazitupwi. Karani aliandika neno la mlevi. Naomba Sajenti aandike neno la Enoch la siku zote alizokuwa hajanywa, aliweke mstari wake peke yake, kama kwenye kitabu chao:

Enoch Stobbs, Uchochoro wa Chumvi. Bwana Lishman.

Nisomee hapo.

Hayo ndiyo yangu yote. Niliyoyaona nimeyasema, na nisiyoyaona sikuyaongeza.

Alama ya shahidi: X (Tamar Jobling)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajenti R. Dodds, nikamsomea shahidi, naye amekubali kuwa ni sahihi. Kielelezo: glasi moja fupi yenye nakshi, nzima. Nilimfahamisha shahidi kwamba mstari alioomba si ushahidi na hauwezi kubadili kura. Akasema anaelewa, akaomba nimsomee tena. Nimemsomea. Mstari sijaufuta.