Kibao Chekundu na Milamula ya Tata

Jumamosi jioni, Muleba. Mvua ya asubuhi imekatika, jua limetoka kwa unyonge, na watoto wa jirani wanapita wakikimbizana na senene. Mimi moyo wangu haujatulia, na ninaandika kwa sababu hapa nyumbani hakuna ninayeweza kumwambia haya.

Nimekuja likizo kumuuguza Tata, baba yetu. Niliposhuka melini Bukoba nilidhani nitamkuta anazungumza, lakini nilimkuta amepooza upande wa kulia na ulimi haumtii. Hospitalini kule Rubya walituambia tumrudishe nyumbani tumtunze. Hawakusema kwa muda gani, nasi hatukuuliza.

Lakini si ugonjwa tu unaoninyima raha. Ni mdogo wangu Deusi, ambaye tangu nifike amesimama njiani kila siku.

Siku zote hizo Deusi hakuingia. Alikuwa akifika mpaka kwenye milamula, ile mimea inayoonyesha mpaka wa kibanja chetu, shamba la migomba linalozunguka nyumba, anamkabidhi shangazi chupa ya maziwa, anauliza hali ya mgonjwa, kisha anabaki pale akiutazama mlango. Juzi alisimama mvua ikimnyeshea mpaka shangazi akampelekea jani la mgomba ajifunike. Hakuna aliyemwambia karibu.

Sababu inajulikana kijiji kizima. Vijiji vya ujamaa vilipoanza, Deusi alikuwa katibu wa kijiji chetu, kijana mwenye moto wake. Ilipotakiwa kuongeza shamba la pamoja, yeye mwenyewe alishika kamba ya kupimia, akang'oa milamula ya upande wa juu na kuipitisha kamba juu ya kaburi la babu. Tata alikuwa amesimama hapo hapo. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Usikanyage kibanja hiki mpaka nikuite mwenyewe." Siku hizi shamba lile limejaa magugu, na Deusi aliacha ukatibu zamani, lakini Tata hakumwita. Sasa hawezi kumwita mtu yeyote.

Mimi ndiye mkubwa. Shangazi, dada yake Tata, aliyekuja kutoka Ijuganyondo kutusaidia, anasema neno alilolisema baba hawezi kulitengua mwingine. Deusi alikuwa akinitazama tu. Wote wawili walikuwa wanasubiri kusikia kutoka kwangu.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikubaliana na shangazi.

Kazi ndiyo iliyonifanya hivi. Huko Mwanza ninakagua injini za treni, zile za dizeli, kabla hazijatoka karakana. Ninaingia shimoni chini ya injini na taa, ninashika breki moja moja, ninatazama mafuta yanapovujia, mabomba ya hewa, magurudumu, halafu ninapanda juu kujaribu taa na honi. Sikubali kuambiwa "hiyo nimeiangalia jana". Wenzangu wananiita Padri, eti ninaungamisha mpaka nati. Wanacheka, lakini injini niliyoipitisha mimi wanaipanda bila wasiwasi.

Kabla ya kuingia chini tunatundika kibao chekundu mbele ya injini. Maana yake kuna mtu chini, isiguswe. Aliyekitundika ndiye anayekiondoa, si fomeni wala bwana mkubwa yeyote. Watu wakianza kukisia kwamba mwenzao lazima ameshatoka, kuna siku watamsaga mtu.

Hivi karibuni Masanja, ninayefanya naye kazi, alitundika kibao chake, akazidiwa na homa hapo hapo kazini, akapelekwa hospitali. Kibao kikabaki. Mabehewa ya pamba yalikuwa yanasubiri. Fomeni akaniambia nikitoe, maana sote tunajua Masanja yuko kitandani. Nilishuka shimoni mwenyewe, nikaona hamna mtu, na bado nikakataa. Alinisema mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe walimleta Masanja kwa pikapu, amejifunika blanketi na anatetemeka, wakamshika mabega, akakitoa kwa mkono wake, akarudishwa alikotoka.

Siku ile nilijisikia vizuri sana. Huruma kwa Masanja haikunijia hata kidogo.

Leo asubuhi nilikuwa ninamlisha Tata uji, nikaikumbuka ile pikapu.

Kama Deusi hawezi kuingia, Tata anaweza kutoka.

Sikumshauri shangazi. Mvua ilipokatika nilimfunga Tata shuka, nikamwinua. Mzee huyu alikuwa akijitwika mkungu wa ndizi kutoka mwisho wa kibanja mpaka nyumbani bila kupumzika. Leo nimembeba peke yangu, na wepesi wake umenitia uchungu. Nilipita naye kwenye migomba, shangazi akinifuata na kigoda alichokuwa amekikalia. "Unampeleka wapi mgonjwa, waitu? Unampeleka wapi?" Sikumjibu, maana ningejibu ningerudi.

Deusi alikuwa pale na chupa yake. Alipotuona alivua kofia. Nilimketisha Tata kwenye kigoda nje ya milamula, njiani, nikamshikilia mgongo. Deusi akapiga magoti kwenye matope.

"Tata, ni mimi," alisema. "Nimekuja kukuamkia."

Tata alimtazama. Jicho la kushoto lilijaa machozi, lakini jicho hilo hutoa machozi hata akitazama ukuta. Mimi nilikuwa ninamtazama kinywa. Kilichezacheza, neno halikutoka. Tukangoja. Mtu mmoja alipita na baiskeli, akataka kutusalimia, akaona hali ilivyo akakanyaga pedeli akaenda zake.

Kisha mkono wa kushoto ukatoka kwenye shuka, ukashika mkono wa shati la Deusi, ukakaza.

Nilipomwinua Tata kumrudisha ndani, hakuachia. Nilimbembeleza, hakuachia. Ikabidi Deusi ainuke atembee kando yetu ameinama, mpaka tulipofika kwenye milamula akasimama. Mimi na Tata tulikuwa tumeshavuka. Mkono wa Tata ulikuwa umenyooka juu ya mpaka, na Deusi akanitazama mimi.

Shangazi alisema kwa sauti ya chini, "Wagonjwa wa namna hii hushika chochote, mwanangu. Usimdanganye mdogo wako."

Na ni kweli. Jana nilipokuwa ninamgeuza alinishika mimi hivyo hivyo, na usiku wa juzi alilishika blanketi. Nimeyaona mwenyewe. Kama ingekuwa injini, ningesema irudi shimoni ikaguliwe upya.

"Amekuita," nilimwambia Deusi. "Ingia."

Akaingia.

Sasa yuko ndani, amekaa chini kwenye nyasi zilizotandazwa sakafuni kando ya kitanda, anamlisha ndizi zilizopondwa. Tata anakula kwake kuliko anavyokula kwangu, na nimeona wivu, sitaficha. Shangazi amempakulia Deusi chakula kwenye sahani yake mwenyewe.

Mimi niko barazani. Tangu nianze kazi sijawahi kupitisha kitu ambacho sikukihakikisha, na leo nimekipitisha kikubwa kuliko vyote. Sijui kama mkono ule ulikuwa unaita au ulikuwa unajishikilia usianguke. Anayejua hawezi kunijibu. Kama nimekosea, basi nimelivunja neno la baba yangu huku nimempakata, anasikia, na hana la kufanya. Hilo linanitisha kuliko nilivyowahi kutishwa na jambo lolote chini ya injini.

Likizo itaisha nitarudi Mwanza. Nitatundika kibao changu na kushuka shimoni kama kawaida, nikiamini kwamba hakuna mtu huko juu atakayeamua tu kwamba nimeshatoka. Nitaaminije, baada ya leo?

Nimesikia sauti ya Deusi kutoka ndani.

"Kaka, njoo unisaidie kumgeuza. Bado hajaniachia."

Ngoja niende.