Damu ya Bi Zuhura

Mjukuu wangu Salma,

Nakusalimu kwa mapenzi. Huku Mji wa Kale sote tu wazima, na nyanyako bado agombana na daktari wake wa macho. Umeniuliza ufanyeje maabara ikikupa jibu usilolitarajia.

Miaka ya arubaini, nikiwa mpima damu hospitalini, aliletwa Bi Zuhura, mpika mahamri wa Makadara. Alikuwa na maradhi ya sukari, na homa ilikuwa imemwelemea. Nikaotesha damu yake chupani, vikaota vijidudu nisivyopata kuviona.

"Huo ni uchafu wa chupa," daktari akasema. "Tupa."

Nilimwogopa, lakini nilirudi wodini nikatoa damu nyingine, mkono wa pili. Vikaota vile vile. Nikamuuliza Bi Zuhura kama ana kidonda.

"Kimoja, mwanangu, unyayoni. Nilikanyaga gamba la chaza baharini kule Mbaraki. Hakiniumi, ndiyo maana sikukitaja."

Hapo nikafahamu kuwa vijidudu vile ni vya maji ya bahari, vimeingilia kidondani. Nikamwita daktari. Aliinama kwenye hadubini muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Nimekosa mimi." Akabadilisha dawa, kidonda kikasafishwa.

Siku ya kuruhusiwa, Bi Zuhura alikuja maabara kwa miguu yake.

"Nionyeshe hivyo vidudu vilivyotaka kuniua."

Nikamwekea kioo chini ya hadubini. Akafumba jicho moja, akachungulia, akacheka hadi buibui likamteleza.

"Vidogo hivi! Nami nilidhani nimepandwa na jini."

Salma, miaka yote hii, kicheko kile bado nakisikia.

Babu yako akupendaye