Si Umesema Injini Umeiunda Wewe?

Baba watoto,

Chakula kiko kwenye jokofu, kipashe. Sufuria kubwa usiiguse, nimeloweka bolti kwenye mafuta ya taa.

Asubuhi nilikuwa mlangoni na trei ya chai ulipowaambia wenzako wa klabu ya magari ya zamani, "Injini hii nimeiunda kwa mikono yangu. Mama watoto kazi yake kunishikia tochi." Wakacheka. Nawe ukacheka! Mwaka mzima nimelala na grisi kwenye kucha, nikitafuta pistoni kubwa zisizoichemsha injini ya gari letu, lisilo na rejeta, linalopozwa kwa upepo tu. Wewe hata spana huzijui.

Umewaalika warudi jioni waisikie ikinguruma. Vyema. Ulipotoka tu kwenda kazini nimeifungua yote. Iko kwenye zulia la sebuleni, haijapotea hata nati moja. Iunge, fundi.

~~Nitarudi kabla ya wageni.~~ Niko kwa dada, simu nimezima.

Usihangaike kumpigia fundi wa mtaa wa pili. Nimempitia, nimemsimulia, ameapa hatakusaidia. Ila jioni atakuja na wageni, kukutazama.

Mama watoto