Kopo Lenye Jina la Zuhura

Jumatatu, 5 Mei

Fomu thelathini na moja kabla ya chai. Jina, umri, kijiji, umewahi kukojoa damu: ndiyo, hapana, sikumbuki. Watu wanajibu kwa Kiswahili, mimi naingiza kwenye kompyuta kwa Kiingereza. Ndiyo kazi yangu ya kujitolea huku nasubiri kuchaguliwa kidato cha tano. Malipo ni chakula cha mchana. Zuhura ndiye aliyeniombea nafasi.

Yeye hakai ofisini. Yeye ni wa maabara. Asubuhi alipanda pikipiki ya mradi kwenda Milola, kijijini kwao, kwenye mabwawa, kutafuta konokono wanaobeba kichocho. Saa tisa karudi na buti zimejaa tope na ofisi nzima ikamwuliza, Zuhura, wangapi leo? Fomu zangu hakuna aliyeziulizia.

Zuhura ni mtoto wa mama mkubwa. Miaka ishirini na tatu, stashahada, kitambulisho cha Mfuko kinaning'inia kifuani. Mfuko ndio wanaotoa hela za utafiti, wako Ulaya. Tangu Januari anakaa kwetu Mtanda. Chumbani kwangu, kitandani kwangu. Mama anamwita "mwanangu". Mimi ananiita "we Mwaju".

Namwonea wivu. Haya, nimeandika.

Jumatano, 7 Mei

Leo Dokta kanisemesha.

Dokta ndiye mkuu wa mradi hapa Lindi. Kwao Songea, Mngoni. Sisi Wamwera ni watani wake tangu enzi za mababu, kwa hiyo kila asubuhi anaingia na vijembe. "Wamwera mmeamka, au mnasubiri korosho ziwaangukie mdomoni?" Watu wanacheka. Mimi huwa ananipita tu, maana mbele ya watu sisemi.

Leo kasimama mezani kwangu. "Na huyu bubu ni Mmwera kweli? Mmwera asiye na kelele!"

Uso ukawaka moto. Nilitaka aondoke. Nilitaka asiondoke. Nikatoa kitu cha kwanza kilichokuja mdomoni.

"Mwenye kelele ni dada Zuhura. Tena yeye mwenyewe ni sampuli. Alikojoa damu mpaka darasa la tano."

Dokta alicheka akashika meza. "Kumbe bubu ana maneno!"

Hilo Zuhura aliniambia siku moja ananisuka, yuko nyuma yangu, sioni uso wake. Aliniambia wenzake shuleni walikuwa wanamkimbia chooni. Ndiyo sababu kasomea maabara. Akasema, hili nakwambia wewe peke yako, hata mama yako hajui.

Niliposema alikuwa Milola. Hakusikia.

Nilirudi nyumbani na furaha njia nzima. Niandike ukweli: furaha.

Ijumaa, 9 Mei

Kopo.

Yale makopo yetu ya mkojo, ya plastiki, mfuniko wa njano. Limewekwa mezani kwa Zuhura, lina lebo kama sampuli nyingine. Jina lake. Umri. Kijiji: Milola. Ndani juisi ya rozela imechanganywa na maji, nyekundu nyepesi. Sampuli halisi huwa na rangi hiyohiyo.

Zuhura kaingia saa mbili, kaliona, kasimama. Dokta akatoka ofisini kwake. "Sampuli! Hiyo ni ya asubuhi au ya jana?"

Watu walicheka. Nami nilicheka. Mlinzi alikuja dirishani kuuliza kuna nini, akaambiwa, naye akacheka.

Zuhura alitutazama mmoja mmoja. Akanifikia, akapita. Halafu akalichukua lile kopo, akalinyanyua kwenye mwanga, akasema, "Hii si yangu, Dokta. Hii ina sukari nyingi. Itakuwa yako, nenda kapime."

Watu walicheka mara mbili ya mwanzo.

Dokta hakucheka. Akasema polepole, "Chunga mdomo wako, binti. Mkataba wako naujua unaisha lini." Akaingia, akafunga mlango.

Jumanne, 13 Mei

Zuhura kanyang'anywa pikipiki. Haendi tena Milola. Anaosha makopo, nyuma, kwenye karo, kuanzia asubuhi hadi saa kumi. Sasa wote wanamwita Sampuli. Mpishi pia. "Sampuli, njoo ule." Akikaa kimya wanasema kanuna, hajui utani.

Ukutani, juu ya karo, kuna bango la Mfuko. Hapa hatuvumilii unyanyasaji. Kuna picha ya watu wanaocheka.

Dokta kaniita. "Bubu, njoo uone konokono." Kanikalisha kwenye darubini ya Zuhura. Kiti bado kilikuwa kwa kimo chake, miguu yangu haikufika chini. Niliona vimelea wanavyochezacheza mikia. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Dirishani nilikuwa namwona mgongo, anaosha.

Nyumbani Zuhura hali chakula. Mama anadhani ni malaria, kampikia uji wa pilipili manga. Mimi nilipougua mwezi wa tatu nilipewa panadoli.

Hata akionewa anapendwa yeye.

Alhamisi, 22 Mei

Zuhura ananitisha.

Tumeenda kisimani, kaweka ndoo chini, kasema: "Nimewaandikia Mfuko. Wanatuma mtu. Dokta anasema ule ulikuwa utani, na kwamba ile habari ya ugonjwa niliisema mwenyewe, nikicheka, mbele ya watu. Mwaju, mimi niliisema?"

Nikasema sijui.

"Basi sijui nani kamwambia," akasema. Alinitazama muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. "Nimekuandika shahidi. Wewe ulikuwepo siku ya kopo."

Kaniandika bila kuniuliza! Nilikasirika mpaka nikamwaga maji nusu ya ndoo. Mkataba wake unaisha tarehe thelathini Juni. Akikosa mtu wa kumuunga mkono, hauongezwi. Hiyo ni shida yake. Kwa nini aniingize mimi?

Ofisini mchana Dokta kawakusanya watu. Alikuwa mpole. "Mgeni akija mwambieni ukweli tu. Sisi ni watani, hatuna kingine." Wote wakaitikia. Wana watoto, wana kodi. Nami nikatikisa kichwa.

Nikisema habari ilitoka wapi, Zuhura atajua. Mama atajua. Nikikaa kimya, Zuhura anarudi Milola kulima mihogo, na mimi nabaki na darubini.

Nimeliwaza hilo la pili mara nyingi kuliko la kwanza.

Jumamosi, 24 Mei

Msiba mtaani. Mzee wa nyumba ya tatu. Tulikwenda sote kusaidia kupika.

Mama Komba, yule muuza vitumbua, ni Mngoni, kwa hiyo leo ilikuwa siku yake. Sufuria za wali zilipotaka kutoka, kajitandaza katikati ya njia na ungo mapajani. "Hapiti mtu! Wamwera mnalia vibaya, marehemu atarudi kuangalia nani kakanyagwa. Nilipeni kwanza, ndipo mpite!"

Mama akamjibu, "Toka hapo, Mngoni wewe! Babu zako walikuja huku na mikuki, wakaonja muhogo wetu, wakasahau vita."

"Muhogo wenyewe mchungu!"

"Mbona mlibeba na mbegu?"

Mjane mwenyewe alikuwa anafuta machozi huku mabega yanatikisika kwa kicheko. Halafu nikasikia sauti nyuma yangu. Zuhura, na ndoo kichwani. "Mama Komba, sogea. Tukisema tukuzunguke, arobaini itatukuta njiani."

Mama Komba aliangusha ungo. Alicheka akajipiga paja. "Huyu! Huyu ndiye kanilipa! Piteni, piteni!" Akainuka mwenyewe, akamsaidia kushika ndoo.

Wiki mbili sijamsikia Zuhura akiongea kwa sauti ile.

Niliganda na mwiko mkononi. Mama Komba alipigwa neno, akacheka, akatoa njia. Dokta alipigwa neno, akachukua pikipiki. Basi. Hakuna zaidi ya hapo cha kufikiri, na mimi nimefikiri mpaka wali ukashika chini. Mama kanigombeza mbele za watu.

Jumatatu, 26 Mei

Mgeni kafika.

Mgeni wa Mfuko ni mama mfupi mwenye mvi, anaandika kwa penseli. Mkalimani wake ni mhasibu wetu, mtu wa Dokta. Wenzangu waliingia mmoja mmoja, dakika tano tano, wakatoka wanaangalia viatu vyao.

Nilipoingia nikasema kwa Kiingereza kwamba mkalimani sihitaji. Sauti ilitoka ndogo ikabidi nirudie. Mhasibu akamtazama yule mama, akanitazama mimi, akatoka. Mlango aliuacha wazi. Yule mama akaenda kuufunga.

Akasema wote wamemweleza kuwa ni mila, mzaha baina ya makabila, na Mfuko unaheshimu mila za watu. Je, ndivyo?

Shuleni tumefundishwa kueleza usanisinuru kwa Kiingereza. Utani hatukufundishwa. Nilihangaika. Nikamweleza msiba, ungo, Mama Komba. Nikasema mtani ana haki ya kukutukana kwa sababu na wewe unayo. Ukimjibu anacheka, hata kama ni mkubwa wako, hata kama kuna maiti ndani. Zuhura alimjibu Dokta mara moja tu, na kesho yake ya kazi alikuwa karoni. Kwetu huo hauitwi utani. Akauliza unaitwaje. Nikasema ni uonevu, kama wa mahali pengine popote.

Aliandika yote. Nikadhani nimemaliza. Nikajisikia mtu mkubwa.

Akageuza ukurasa. "Dokta anasema habari ya ugonjwa aliisambaza Zuhura mwenyewe. Kama ni hivyo, mzaha aliuanzisha yeye. Unajua lolote?"

Saa ya ukutani. Feni.

Nikasema: ni mimi. Alinieleza mimi kwa siri, nami nikamwambia Dokta.

Akauliza kwa nini.

Nikasema kwa Kiingereza kwamba nilikuwa na wivu. Kwa Kiswahili nisingeweza. Kwa Kiingereza lilikuwa kama neno la mtihani.

Akaandika na hilo.

Jumatatu, 16 Juni

Barua imekuja. Zuhura kaileta nyumbani imefunguliwa. Mama alikuwa uani anachambua mchele.

"Mwaju, msomee mama kwa Kiswahili."

Zuhura anajua Kiingereza kunizidi. Nikasema asome yeye. Akasema, "Wewe ndiye wa kutafsiri. Soma."

Nikasoma. Kwamba Dokta ameondolewa kusimamia wafanyakazi, Mfuko utatuma mtu mwingine. Kwamba mkataba wa Zuhura unaendelea na anarudi kwenye mabwawa. Kwamba Mfuko unasikitika kwa kuchelewa kuona. Mama alikuwa anasema alhamdulillah kila nikipumua.

Kisha ile aya ya nne. Niliiona kabla sijaifikia. Ningeweza kuiruka. Mama asingejua. Zuhura alikuwa ameegemea mlango, kakunja mikono, ananiangalia mdomo.

Nikasoma. "Shahidi mmoja amekiri kwamba habari za ugonjwa alizitoa yeye, wala si mlalamikaji."

"Shahidi gani huyo asiye na haya?" Mama akauliza. "Ni yule mpishi?"

"Ni mimi, mama."

Mama aliacha kuchambua. Alinitazama, akamtazama Zuhura, akanitazama tena. Akabeba ungo wake akaingia ndani. Afadhali angenipiga.

Nikamwambia Zuhura nisamehe. Akasema, "Nilijua tangu siku ya kopo. Nilimwambia mtu mmoja tu, Mwaju. Kumtafuta hakunipa kazi."

"Sasa mbona ukaniandika shahidi?"

"Ungekataa, ningejua na hilo pia."

Kaikunja barua, kaiweka kwenye mkoba, kaenda kuoga.

Jumatano, 18 Juni

Ofisini siendi tena. Nimeacha mwenyewe, hakuna aliyenifukuza.

Mama ananisemesha ya lazima tu. Leta chumvi. Funga kuku.

Zuhura karudi saa kumi na moja, amechoka, jua limempiga. Mama akamwuliza habari za huko, akamwuliza na konokono. Wivu ukanichoma palepale, uleule. Nilidhani ungekuwa umeisha. Haujaisha. Nimekaa nao kimya.

Tulipotaka kula nikachukua birika nikammwagia maji anawe. Akanyoosha mikono. Hakunitazama. Maji yaliisha kabla hajamaliza, na mikono hakuiondoa.

Nikaenda kuchota mengine.