Gari Jekundu na Mkono wa Mama Félicité

Mwaka umetimia, Papa Isidore, tangu mto mdogo wa njia ya Lweba ukuchukue mbele ya macho ya mkeo.

Mji mzima wa Baraka unalikumbuka gari lako. Mdogo wako Bonaventure alilituma kutoka Amerika, likavuka ziwa kwa boti kutoka Kigoma, jekundu, lenye umbo la magari ya zamani na taa za mviringo, ingawa mtambo wake ulikuwa mpya kabisa. Lilitengenezwa kwa mbio. Hapa kwetu mbuzi walilipita. Tumbo lake liligusa kila jiwe, nawe kila jioni ulilifuta matope ukiliimbia nyimbo za kanisa.

Mlio wake ulitisha watu, na hapa watu wameshatishwa vya kutosha. Siku ya kwanza ulipopita shuleni, watoto walijitupa chini ya madawati wakidhani ni risasi. Uliona haya sana. Tangu hapo ulikuwa unalizima kabla ya kufika, unashuka, unalisukuma kwa mabega yako mpaka shule ibaki nyuma. Hatukuwahi kukushukuru kwa hilo.

Mama Félicité alilihofia tangu lilipoteremshwa botini. Boneti yake ilikuwa ndefu mno, hukuweza kuiona ardhi iliyo mbele yako, kwa hiyo yeye ndiye alikuwa macho yako. Penye maji alishuka, akatangulia kwa miguu akipima kina kwa fimbo. Akiinua mkono, ulipita. Asipoinua, ulingoja. Hata maji yakiwa ya kifundoni moyo wake ulimwenda mbio, maana alijua uhai wako uko katika mkono ule.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha milimani. Mama alikuwa katikati ya mto, maji yamemfika magotini, risasi zikalia nyuma ya kilima. Mara gari likaingia. Maji ya udongo yakashuka kwa kishindo, yakawabeba wote wawili. Yeye alishika mzizi. Wewe tulikupata kesho yake.

Matangani dada yako Aline alimwuliza mbele ya watu wote, "Ni weye uliinua mukono?"

Akajibu, "Ndiyo."

Aline hakula tena chakula cha mkono wake. Sokoni wanawake walimpa kisogo akipita. Karibu mwaka mzima hakuusogelea mto ule, na kaburi lako kule Lweba amelifikia mara moja tu, siku ya mazishi, kwa mtumbwi kupitia ziwani.

Wiki iliyopita mwanao Darius, aliyelitoa gari mtoni na kulifufua, alimsihi mama yake atangulie tena, wajaribu, ili siku ya kumbukumbu tuje kwako nalo. Maji yalikuwa ya kiangazi, haba. Mama alifika katikati na fimbo yake, na mkono ukakataa kupanda. Kila gari liliponguruma nyuma yake alihisi maji yanashuka tena. Darius akazima, akavua viatu, akamfuata mtoni.

"Mama, mi nangojea. Hata mpaka kesho."

Hapo ndipo alipolia. "Darius, ile siku mi sikuinua mukono. Papa yako alisikia masasi inalia nyuma ya kilima, akaogopa, akaingia."

"Juu ya nini haukusema?"

"Batu bangemucheka. Bangesema Isidore alikufa juu ya woga."

Papa, hatukucheki. Nani kati yetu hajakimbia mlio wa risasi? Lakini mkeo ameubeba mzigo wako mwaka mzima, akiogopa watu, akiogopa mto, akiogopa hata mkono wake mwenyewe. Inatosha. Tunataka Baraka yote isome hapa: Mama Félicité hakuinua mkono. Tunaamini wewe mwenyewe ungelisema hili, wewe uliyesukuma gari kwa mabega ili watoto wa wenzako wasiogope.

Jumamosi tunakuja. Darius ataendesha, Mama atatangulia na fimbo. Bado anaogopa, nasi tunaogopa pamoja naye.

Wanaokukumbuka: mkeo Félicité, wanao Darius na Rosette, mdogo wako Bonaventure aliyeko Amerika, na dada yako Aline, ambaye Jumapili alikuja bila kuitwa, akanawa mikono, akala kwa Mama Félicité mpaka sahani ikawa tupu.

Hutatutoka moyoni kamwe, Papa. Na safari hii tutangoja mkono.