Malkia wa Kopa Aliyezikwa Vidunda

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huwa naona aibu ukiniamkia, maana nimekuzidi miaka mitano tu, lakini ukoo ndio ulionifanya babu yako. Hapa Kilosa tu wazima, na mama amemaliza kuvuna ufuta.

Unauliza, mwenzako akisukuma maharage yake yote ya dau kwenye mchezo wa karata wa poka, na wewe una uhakika wa kushinda, umfuate kwa kuweka dau kama lake? Mimi nilikuwa na uhakika.

Kaka yangu Yohana, aliyetufundisha poka, tulimzika Vidunda na malkia wa kopa wa karata zake kwenye mfuko wa shati. Malkia huyo nilimtia mwenyewe. Baada ya arobaini nikacheza na binamu yangu Danieli kwa karata hizohizo za marehemu, mshindi abaki nazo. Nilizitaka mno. Danieli akasukuma maharage yote. Karata zake nne zilikuwa wazi, ya tano kaifunika, na malkia wa kopa peke yake ndiye angeweza kunishinda.

"Fuata basi! Babu wa watu unaogopa?" akanichokoza.

Nikaona udongo mwekundu, kama ule wa kaburi la Yohana, ukingoni mwa ile iliyofunikwa. Nikakubali kushindwa. Uhakika nilikuwa nao, ila sikuwa na moyo wa kuona. Danieli naye hakuifunua.

Jumapili akanirudishia karata mlangoni. "Chukua tu. Mimi sizitaki," akasema, bila kunitazama.

Nimezihesabu bila kuzigeuza. Zilipaswa kuwa hamsini na moja. Ziko hamsini na mbili.

Ukija likizo tutazifunua pamoja, mchana, nawe ukae karibu nami.

Babu yako mwoga,
Amosi